Tiki za Shamba la Miwa

Kuku wana harufu yao na darasa lina harufu yake. Zikichanganyika, hutaisahau hiyo harufu mpaka ufe. Mimi niliinusa Wanyange, katika darasa la tatu la shule ya kijiji chetu, wakati ule wa korona shule zilipofungwa, na hata leo nikipita pale natema mate. Watu wananitazama. Waache watazame.

Majina yao siandiki. Sisi wa pale tunawajua, na wewe vyeo vitakutosha: mwenyekiti wa kijiji, ambaye kila mtu anamwita chamani, na hedimasta. Hao wawili. Wasije wakakwambia kosa ni la ugonjwa. Ugonjwa naujua mimi, ulinilaza chini nikajiona maiti. Ugonjwa haukumpa mtoto wangu jembe.

Nilikuwa taniboi, yaani utingo wa malori, kazi niliyoianza kijana baada ya kuacha shule darasa la nne. Baba yangu alikuwa Mkenya, na Kiswahili hiki ndicho alichoniachia. Korona ilipoingia, sisi watu wa malori ndio tuliopimwa kwanza pale mpakani, na mimi nikatolewa kwenye gari kama mzigo ulioharibika. Nilipona, nikarudi nyumbani, lakini kifua hakikurudi chote. Kutoka kitandani mpaka mlangoni nilihema kama nimebeba gunia la mahindi. Kazi ikaisha hapo. Mama wa mtoto alikuwa ameondoka zamani, ameolewa kwingine, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na binti yangu, naye alikuwa darasa la sita, anaelekea la saba na ule mtihani wa mwisho.

Mtoto huyu alipenda kitabu. Sijui alikitoa wapi, kwangu si. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: asiishie kwenye miwa. Wanyange na kwingine kote huku tumezungukwa na miwa, na miwa haikatai mtoto. Ukimwacha mwezi mmoja bila shule, wa pili unamkuta na panga. Kwa hiyo hedimasta alipotangaza kwamba shule italeta masomo nyumbani, nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kila Jumatatu bodaboda ingeleta karatasi za masomo, zimebanwa pini, somo na maswali yake. Watoto wasikusanyike shuleni, kwa hiyo karatasi zishushwe kwenye baraza la chamani, kila mtoto achukue zake, akasome nyumbani, Ijumaa arudishe hapo hapo. Zikasahihishwe, Jumatatu zirudi na tiki au eksi. Mpango mzuri. Hata mimi wa darasa la nne niliuelewa.

Siku ya kwanza nilimsindikiza binti yangu. Chamani alikuwa amekaa barazani na barakoa imening'inia kidevuni. Zamani alikuwa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Aliponiona tu, akanyoosha fimbo.

"Wewe mtu ya korona! Simama huko!"

"Afande, nimepona. Nina karatasi ya hospitali."

"Karatasi kula wewe na mtoto yako. Kwa baraza yangu hapana kanyaga. Unataka ua mimi?"

Watu wakacheka. Nikasimama kwenye kichuguu, mbali, kama mbwa anayesubiri mfupa, na mtoto akaenda peke yake. Tangu siku hiyo sikusogea tena pale. Hilo likumbuke, maana ndilo lililowafaa.

Wiki zikaenda. Karatasi zilirudi zimejaa tiki nyekundu, kila ukurasa, juu mpaka chini. Nilizibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Mgeni akija, kabla hajapewa kiti nilimwonyesha ukuta. Mikono ya mtoto ilikuwa na malengelenge, nikamuuliza. Akasema amemsaidia mama jirani kupalilia mihogo. Nikaamini. Jirani yetu huyo alikuwa ametupa mihogo mara nyingi, mtoto kumsaidia si ajabu.

Mama jirani naye alikuwa na binti, darasa moja na wangu. Mtoto mzuri, mwenye nguvu, anacheka hovyo, lakini kitabu hakimezi. Yeye alikuja kwetu kila Alhamisi na kunakili majibu ya mwanangu neno kwa neno, ulimi umetoka nje kwa bidii. Mimi nilimwacha. Nilijiambia hata kunakili ni kusoma.

Kisha, katikati ya wiki moja, mwanangu akaugua malaria. Alilala, mwili moto, lakini Alhamisi aliomba kalamu, akajibu maswali yake kitandani, na rafiki yake akayanakili kama kawaida, na Ijumaa akazipeleka karatasi zote mbili barazani. Jumatatu akazirudisha. Zake yeye: tiki, tiki, tiki. Za mwanangu: eksi. Eksi kila mahali, kubwa, mpaka karatasi imechanika.

Maswali yalikuwa ya Kizungu, na Kizungu changu ni cha kusoma vibao vya barabarani. Lakini macho ninayo. Nilizilaza karatasi mbili mezani, nikaweka kidole cha mkono huu kwenye ile na cha mkono huu kwenye hii, nikatembeza vidole herufi kwa herufi. Neno ni lile. Tarakimu ni ile ile. Hapa tiki, pale eksi. Nikarudia kutoka juu. Nikamwita mtoto.

"Hii imekuwaje?"

Akaanza kuzikunja karatasi.

"Mwanangu, nakuuliza."

"Sikulima, baba."

"Kulima nini?"

Akalia kwanza. Alipomaliza kulia, akasema. Karatasi hazikuwa zinachukuliwa tu Jumatatu na kupelekwa nyumbani. Zilichukuliwa baada ya kupalilia. Kila mtoto alipewa mstari wake katika miwa ya chamani, nyuma ya nyumba, na Ijumaa hivyo hivyo. Wadogo waliokota magugu, wakubwa walishika jembe. Na kusahihisha ni chamani mwenyewe aliyesahihisha, kalamu nyekundu sikioni. Mwalimu hakuwepo. Chamani alimwuliza mtoto: mstari yako umemaliza? Umemaliza, tiki. Hukumaliza, eksi. Karatasi hakuisoma. Angeisoma vipi, wakati barua za kijiji anasomewa na mke wake?

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema atakayesema nyumbani, jina lake halitapelekwa kwenye mtihani."

Niligeuka nikautazama ukuta wangu. Zile tiki zote. Nilikuwa nimebandika magugu ukutani, na wageni nimewaonyesha.

Kwa chamani nilikatazwa, kwa hiyo nilikwenda shuleni kumtafuta hedimasta. Nilikwenda polepole, nikipumzika kwenye kila kivuli. Uwanja ulikuwa umeota majani mpaka kiunoni. Nikasikia kelele darasa la tatu, nikadhani ni watoto. Walikuwa kuku. Kuku weupe wa nyama, wamejaa ukuta hadi ukuta, madawati yamepangwa kuwa uzio, maranda yameloa, na ile harufu ikanipiga usoni nikakohoa mpaka nikashika nguzo. Ubaoni, juu, ilikuwa bado tarehe ya siku ile shule ilipofungwa, na chini yake somo la Hesabu, nusu limefutwa. Kwenye ile nusu iliyofutwa hedimasta alikuwa ameandika siku za chanjo ya kuku.

Naye alikuwa ndani, na buti za mpira.

"Mzee, simama hapo hapo! Kanyaga kwanza kwenye beseni la dawa. Utaniletea magonjwa."

"Mimi?"

"Kuku hawa wanakufa haraka, ssebo, bwana wangu. Hawataki mchezo."

Nikakanyaga. Nakuapia nilikanyaga, na mpaka leo miguu inaniuma kwa hasira. Nikamwonyesha zile karatasi mbili. Alizitazama akiwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa nepi.

"Hilo ni suala la kituo, pale kwa chamani," akasema. "Mimi nilikabidhi kituo kazi ya kusahihisha. Walimu wako wapi? Mmoja anafyatua matofali, mwingine anakaanga chapati kule Mpumudde. Nikasahihishe mimi, na hawa nani awalishe?"

"Watoto wanalima miwa ya mtu, hedimasta."

"Kilimo cha vitendo. Kiko kwenye masomo." Akacheka kidogo, kwa pua. "Na wewe uangalie maneno yako. Majina ya mtihani yanapita kwa chamani kwanza, athibitishe mtoto alikuwa anasoma nyumbani. Akisema hakumwona, mimi nitasema nilimwona?"

Kuku mmoja alikuwa amekufa karibu na mguu wake. Alimwinua kwa bawa, akamtupa dirishani bila kutazama, akaendelea na kazi. Nikaondoka.

Jioni nikaenda kusimama kwenye kile kichuguu changu.

"Afande! Mtoto wangu halimi tena!"

Chamani hakuinuka kitini. "Sawa. Na mimi hapana jua yeye. Mtoto gani? Mimi hapana ona mtoto." Akawageukia waliokaa naye. "Nyinyi mnaona mtoto?"

"Hatuoni, chamani," wakajibu, wazima na akili zao, baba za watoto waliokuwa na majembe. Mmoja akaongeza, "Labda korona imemla macho, anaota." Wakacheka sana. Kilichonichefua si chamani peke yake, ni kile kicheko.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Nikibaki naye nyumbani, kwenye mtihani hayupo. Nikimrudisha mstarini, kwenye mtihani yupo kwa jina, lakini kichwani kuna nini? Tiki za magugu. Dada yangu mkubwa anaishi mjini Mbale, mtaa wa Malukhu, ni fundi wa kushona sare za shule, na wakati huo hakuna aliyetaka sare, alishona barakoa. Nikampigia.

"Mlete," akasema. "Huku kuna mwalimu mmoja wa kike anapita na karatasi nyumba kwa nyumba kwa miguu. Mkali kama siafu. Atamchukua."

Dereva wangu wa zamani alikuwa anapeleka saruji Mbale. Akampakia mtoto mbele, na sanduku lake. Mama jirani alisimama mlangoni na binti yake. Nikamwambia, "Mtoe na wako, dada. Waende wote wawili." Akatikisa kichwa. "Wangu anapata tiki, kaka. Nimtoe kwa nini?" Nilimweleza tena habari ya mstari na kalamu. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi unavyomsikiliza mgonjwa. Ukutani kwake pia zilikuwa zimebandikwa. Mimi ndiye niliyemfundisha ule uji wa muhogo.

Jumatatu ya kwanza Mbale, dada yangu aliamka akakosa jembe lake. Na mtoto hayupo. Alitoka na kanga begani, akiuliza njiani, mpaka akamkuta nyumbani kwa yule mwalimu. Mtoto alikuwa uani, amejifunga leso kiunoni, ameshapalilia nusu ya kishamba cha maharage. Mwalimu ndiyo kwanza anatoka na mswaki mdomoni.

"Wewe mtoto, nani amekutuma?"

"Nimefuata karatasi, mwalimu."

"Karatasi naleta mwenyewe kwenu. Jembe la nini?"

Mtoto hakuelewa swali. Aliuliza, kwa adabu kabisa, "Mstari wangu unaishia wapi?"

Dada aliponisimulia kwa simu alikuwa analia, na dada yangu si mtu wa kulia. Alisema mwalimu alikwenda kutema povu la mswaki, aliporudi akamnyang'anya jembe na kumpa chai.

Wiki iliyofuata mtoto akanipigia mwenyewe. "Baba! Nimepata eksi nyingi!" Kwa furaha, kama ameokota kitu. "Na kila eksi ameandika pembeni kwa nini nimekosa. Amesoma yote, baba. Hata pale nilipofuta ameona."

Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, huku kwetu walifanya sherehe. Kuku walikuwa wameuzwa, darasa limemwagiwa maji, harufu imebaki. Chamani alikaa meza ya mbele na soda, barakoa kidevuni vile vile, na hedimasta akamsifu kwamba bila kituo chake watoto wa kijiji hiki wangepotea. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nyuma, nikatema mate, mama mmoja akasogeza mguu wake.

Binti yangu alirudia darasa la sita kule Malukhu, kwa kutaka kwake, kisha akafanya ule mtihani. Hakuwa wa kwanza. Alipita, yuko sekondari sasa, shangazi yake ndiye aliyemshonea sare.

Binti wa jirani naye aliandikishwa darasa la saba, chamani alithibitisha. Akakaa siku chache. Mwalimu alimpa kitabu asome mbele ya wenzake, akasimama nacho, ukurasa umefunguka, na darasa likacheka. Hakurudi. Mwaka huu ninamwona asubuhi akipita na wakataji, panga begani, kitambaa kichwani, ananisalimia vizuri. Kwa chamani ndiko anakokata, ile ile mistari.

Kwa mama yake karatasi zingali ukutani. Moshi umezifanya za kahawia, lakini wino ule mwekundu haujafifia. Nikienda kusalimia, mama huwa anaziangalia, halafu ananiangalia mimi.

"Alikuwa hakosi hata moja," ananiambia. "Sasa mbona wako ndiye aliyepita?"