Mtu wa Nyuma ya Fundi

Mtaani hakuna aliyemwita fundi yule wa kuchomelea vyuma kwa jina lake. Walimwita Mzee Macho, na si kwamba macho yake yalikuwa mazuri. Yalikuwa mekundu na yamechoka kama ya mtu aliyekesha na mgonjwa. Walimwita hivyo kwa sababu kila alipotaka kugusisha rodi kwenye chuma alipaza sauti kwanza: "Macho!" Hapo kila aliye karibu alitakiwa ageuke au afumbe, maana mwanga wa kuchomelea haumwonei mtu haya. Ukiutazama mchana, usiku utahisi umemwagiwa mchanga machoni.

Kwa mambo ya usalama alikuwa king'ang'anizi. Shati la pamba, kamwe si nailoni, kwa kuwa nailoni ikishika moto huganda kwenye ngozi. Glavu za ngozi hadi viwikoni. Suruali ilishushwa juu ya buti, isiingizwe ndani, ili cheche isipate pa kudumbukia. Mtungi wa gesi ulikaa nje, mbali na moto. Wateja wenye haraka walimwambia, "Mzee, ajali haina kinga," naye akawajibu, "Inayo. Ila kinga ina kazi nyingi, na ninyi ni wavivu."

Lakini kinga yake kubwa alikuwa mkewe. Mchomeleaji akishusha ngao ya uso haoni kitu ila ile nukta ya moto mbele yake. Nyuma yake dunia yote yaweza kuungua asijue. Kwa miaka ishirini na sita mama huyo alikaa kwenye stuli nyuma ya mumewe, ndoo ya mchanga miguuni, akizifuata cheche kwa macho zilikoangukia. Fundi alikuwa na tabia ya kurusha nyuma kila kilichomzuia: matambara, maboksi, magunia. Mkewe aliokota na kupeleka nje, huku akilalamika kwamba ameolewa na kuku anayechakura. Kisha mama akaugua, akafa, na kazi ya kuokota ikakosa mtu.

Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Baada ya mazishi alisema neno moja tu: "Baba, siku nitakayosikia unachomelea peke yako, nakuja kuifunga hiyo karakana kwa mkono wangu." Mzee alijua hatanii. Na karakana ikifungwa angebaki na nini? Nyumba ya vyumba viwili na kikombe kimoja mezani. Basi akadanganya. Alisema amepata mtu, mstaafu mmoja mpole, anakaa nyuma yake na ndoo. Binti akampachika jina la Babu Ndoo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilirefuka miezi minane. Binti alipiga simu kila jioni, na ukweli ni kwamba hawa wawili hawakuwahi kujua la kuambiana. Mama ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Sasa walikuwa na Babu Ndoo. Leo Babu Ndoo kasinzia nusura aanguke. Leo Babu Ndoo kagombana na muuza mkaa. Babu Ndoo anakusalimu. Binti alicheka hadi akakohoa, na fundi aliweka simu chini akitabasamu, kisha akageuka na kukuta hakuna mtu. Alikuwa mpweke, tuseme kweli, mpweke kiasi cha kumpenda mtu aliyemtunga mwenyewe.

Asubuhi moja akaletewa kiti cha chuma kilichokatika mguu. Aling'oa mto wake wa sponji, na mkono, bila kukiuliza kichwa, ukaurusha nyuma. Mazoea yana taabu. Akapaza "Macho!" katika karakana tupu, akashusha ngao, akaanza kazi. Aliponusa moshi alidhani ni rangi ya kiti inaungua. Alipohisi joto mgongoni, shati lilikuwa limeshashika moto.

Alitupa rodi, akajibamiza mgongo ukutani mara tatu hadi shati likazima, akamwaga mchanga wote wa ndoo juu ya ule mto wa sponji uliokuwa ukiwaka, akachomoa waya wa mashine ya kuchomelea. Halafu akatoka uani, akaufungulia mgongo wake maji ya bomba kwa muda mrefu. Hakuna aliyemwambia pole.

Jioni simu ikaita kama kawaida.

"Baba, mbona sauti imekauka?"

"Moshi tu, mwanangu. Nimeungua kidogo. Mgongoni."

"Mgongoni? Babu Ndoo alikuwa wapi?"

"Alitoka kidogo."

"Ametoka! Nitampa lake. Dawa umepaka?"

"Ninayo hapa."

"Basi akupake sasa hivi. Mimi nasubiri."

Tyubu ya dawa alikuwa ameinunua mchana. Aliiweka simu mezani, akapitisha mkono juu ya bega, kisha chini ya kwapa, akajipinda, akauma meno. Vidole viliishia pembeni ya kidonda. Alijaribu tena. Kule upande wa pili binti alisubiri, na fundi alimsikia akipumua.

"Hakuna mtu," alisema hatimaye. "Hajawahi kuwepo. Njoo uifunge karakana, mwanangu, mimi nimechoka."

Alingoja kelele. Hazikuja.

"Baba, mwezi uliopita uliniambia Babu Ndoo anaona upweke nyumbani kwake. Kwamba kila gari likisimama nje anadhani ni mtoto wake, anakwenda mlangoni. Yule alikuwa nani?"

Fundi alitazama tyubu mkononi.

"Ni mimi."

"Na mimi nikasema, mwambie atazoea." Sauti ya binti ilikatika, akalia kwa nguvu, kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo. Baba yake akamwacha alie. Alipotulia alisema, "Usiiguse mashine. Napanda basi la alfajiri."

"Unakuja kufunga?"

"Sijui, baba. Nakuja kukupaka dawa."