Fundi Yona na Fyuzi Zake Mfukoni

Jamani, meseji ya msiba nimeisoma mara nne na bado naona wamekosea jina. Fundi Yona? Yona wetu wa kiwanda cha alizeti hapa Shelui? Juzi tu alinipigia simu kunicheka timu yangu ilivyofungwa!

Wanasema ni presha. Alilala nyumbani kwake Mgori, hakuamka.

Kwa msiomjua, Yona alikuwa fundi wetu wa maintenance. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mashine kwenye kiwanda alichofanyia kazi zamani, mwenzake aliwasha umeme yeye akiwa bado anasafisha. Ukimuuliza viko wapi, anakwambia vimetangulia kustaafu.

Tangu hapo, kabla mtu hajagusa mashine, Yona anachomoa fyuzi za main switch na kuzitia mfukoni. Hazitoki mpaka wote mmesimama mbele yake. Tulimcheka sana, na mimi ndiye niliyeongoza. Nilikuwa namwita mwoga.

Siku moja alizisahau mfukoni, akaenda nazo harusini Nduguti. Kiwanda kizima tukakaa tunacheza bao, malori ya alizeti yamepanga foleni hadi barabarani, bosi anafoka kwenye simu. Yona akarudi jioni na suti yake, akapewa warning letter. Akasaini haraka haraka, eti pilau inapoa.

Halafu ikaja zamu yangu. Mashudu ya alizeti yalikwama, nikazamisha mkono hadi begani kwenye mashine ya kukamua. Opareta wa shifti ya mchana akaingia, hakuniona, akabonyeza kuwasha. Nikamsikia analalamika, "Umeme umekatika tena."

Haukuwa umekatika. Fyuzi zilikuwa mfukoni mwa Yona, naye yuko kwa mama ntilie anakula ugali.

Nilichomoa mkono, nikatoka pale. Nikamfuata hadi kwenye benchi, nikamsimulia kwa shida. Akanisogezea sahani yake.

"Nawa mikono, ule kwanza."

Nikala huku nalia. Mama ntilie akadhani ni pilipili, akaniletea maji.

Kaka Yona, asante yako sikuwahi kuitoa vizuri. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokucheka. Kesho Mgori nimeomba niwe mmoja wa watakaobeba jeneza, na wamekubali. Nitakubeba kwa mikono yangu yote miwili.

Usingizi mwema, fundi wangu.