Kwa Miguu Juu ya Reli, Kutoka Same Hadi Lembeni

Niliondoka nyumbani kwa sababu nilikuwa nimechoka kuuogopa mwili wangu. Mimi ni muuguzi huko Gonja, kwenye milima ya Upare ya kusini. Mwaka ule nilianguka wodini nikiwa kazini, nikazinduka kwenye kitanda ambacho asubuhi yake nilikuwa nimekitandika mwenyewe. Ulikuwa moyo. Baada ya matibabu na miezi ya kupumzika, daktari aliniambia nimepona, nitembee bila wasiwasi. Nilimsikia, lakini sikumwamini. Nikipanda ngazi za kanisani nilikuwa nasimama katikati, mkono kifuani, nikisikiliza mapigo.

Nikaamua kuujaribu moyo kwa safari ya miguu, nikachagua reli. Wakati huo treni ilikuwa haijarudishwa, na ile njia inayotoka Tanga kwenda Moshi ilikuwa imelala kwa miaka mingi. Kipande cha kutoka Same hadi Lembeni, anakoishi kaka yangu Eliamani, hakina mlima mkali. Waliokijenga walitafuta tambarare kwa ajili ya injini, na tambarare hiyo ilinifaa na mimi. Kaka aliposikia kwenye simu alikataa katakata.

"Panda basi kama watu wengine, Nakijwa."

Mkewe, wifi yangu Zaina, akamnyang'anya simu. Yeye huuza mchele wa Kihurio, na wiki ile alikuwa na mzigo wa kuuza Same. "Wifi, shuka tu huko milimani. Tutakwenda wote."

Same, alfajiri. Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye kibanda karibu na stesheni, tukaanza kutembea kabla jua halijatoka. Mataruma ya chuma, yale yanayolazwa chini ya reli, yana matata yake: yako karibu mno kwa hatua moja kamili na mbali mno kwa nusu hatua, kwa hiyo mwanzoni tulitembea kama watu wanaocheza ngoma wasiyoijua. Baadaye tulishuka pembeni ya kokoto, kwenye kijia cha mbuzi. Katikati ya reli mgunga ulikuwa umeota na kunenepa kama mkono wangu. Zaina aliushika, akacheka. "Huu umekata tamaa na treni kabisa."

Jua lilipotoka tuligeuka nyuma kuitazama milima yetu. Mawingu yalikuwa yanamwagika kutoka juu ya kilele mpaka mabegani, mazito na meupe, halafu yanayeyuka kabla ya kugusa tambarare. Miaka yote nimeishi ndani ya mawingu yale, nikiyaita ukungu na kulalamika kwamba nguo hazikauki. Sikuwahi kuyaona kutoka chini.

Jua lilipoanza kuchoma tulikutana na mama mmoja wa Kimaasai akiswaga punda waliobeba madumu ya maji. Tulisalimiana, nikamwuliza habari za mbele.

"Mbele kuzuri," alisema. "Lakini tembo wametoka hifadhini tangu jana. Wanavuka wakati wanaotaka wao."

Zaina alinitazama. Upande wa kushoto, mbali kidogo, tulisikia malori kwenye barabara kuu. Tukakubaliana kwamba tukifika kwenye kalvati, lile daraja dogo la reli lililoonekana mbele, tutaacha reli, tukatize kwenda barabarani.

Hatukufika kwenye kalvati. Kwanza tulisikia tawi likivunjika, kisha ikaja harufu, kama ya zizi na majani mabichi kwa pamoja. Migunga ya upande wa kulia ikafunguka, na tembo jike mkubwa akapanda tuta na kusimama juu ya reli, umbali ambao ungeweza kumwita mtu bila kupaza sauti. Alitugeukia. Masikio yake yakatanuka.

"Tukimbie?" Zaina alininong'oneza.

"Mimi siwezi kukimbia. Wewe nenda."

"Niende wapi, na wewe uko hapa?"

Akanishika mkono, tukachuchumaa taratibu pale pale. Mkono wangu mwingine uliangukia kwenye reli, na hapo ndipo nilipohisi. Chuma kilikuwa kinatetemeka. Reli iliyokaa miaka yote ile bila treni ilikuwa inaniletea kiganjani vishindo vya miguu, kimoja baada ya kingine, kabla sijawaona wenye miguu hiyo.

Wakatoka. Majike, vijana, wote wamejaa vumbi jekundu, wanapanda tuta upande mmoja na kushuka upande wa pili bila kelele yoyote zaidi ya kokoto kusagika. Mtoto mmoja alishindwa kupanda. Alijaribu, akateleza, akajaribu tena, akaketi kwa makalio kama mtoto wa mtu. Mama yake alirudi, akaweka mkonga nyuma yake na kumsukuma. Mwingine alikuja kwa mbele, akayakwangua mawe kwa mguu mpaka tuta likalala. Wengine wote walisimama kumngoja. Hakuna aliyeharakisha. Yule mkubwa alibaki akitutazama mpaka wa mwisho alipovuka, akainua mkonga kuivuta harufu yetu, kisha akatupa kisogo na kuwafuata wenzake.

Tulikaa chini muda mrefu. Zaina alilia na kucheka kwa pamoja, akisema "Alhamdulillahi, Alhamdulillahi." Muda wote ule sikuwa nimeusikiliza moyo wangu hata mara moja.

Tukakatiza kwenda barabarani na kuifuata pembezoni. Tulifika Lembeni alasiri. Eliamani alikuwa amesimama nje ya stesheni iliyofungwa, mikono nyuma. Zaina alianza kumsimulia kabla hata ya salamu. Nilijiandaa kugombezwa. Kaka alituongoza tu mpaka nyumbani, akatupakulia makande kwa mkono wake. Tulipomaliza kula ndipo alipofungua mdomo.

"Siku waliponipigia simu kwamba umeanguka nilikuwa shambani," alisema. "Nikakaa chini. Mdogo wangu, sijainuka tangu siku ile."

Sikujua. Kila jioni alikuwa akinipigia na kuniuliza habari za kahawa na mvua.

Kesho yake nilikuwa nirudi kwa basi, naye akasema atanisindikiza. Tukiwa njiani nilimwonyesha lile kalvati kupitia dirishani, na ghafla akainuka na kumwomba kondakta atushushe. Tulikwenda polepole, tukisimama na kusikiliza, mpaka pale tembo walipovukia. Hapakuwa na mnyama. Tuta lilikuwa limelala kama nilivyoliacha, na kwenye vumbi chini yake alama za nyayo zilikuwa bado nzima, pana kama sinia.

Huko Gonja, walioniuliza nilijifunza nini niliwaambia hivi: hofu niliyodhani ni yangu peke yangu ilikuwa na watu wengine walioibeba kimya, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake.

Lakini siku ile hatukusema hayo. Eliamani alivua viatu, akaweka miguu yake yote miwili ndani ya alama moja, na nafasi ikabaki. Alitazama huku na huku, kuelekea hifadhini, kisha kule tembo walikokwenda.

"Njoo na wewe," alisema.

Nikavua viatu vyangu, nikaingia kwenye alama iliyofuata.