Taiti Mpya Zilizonuka Jasho la Watu

Mteja wangu mkubwa alinirudishia taiti akiwa ameishika kwa koleo.

Sitanii jamani. Koleo la jikoni, lile la kugeuzia nyama. Aliingia nalo hadi chumba changu cha kushonea, taiti inaning'inia, akaidondosha juu ya meza.

"Nusa," akasema.

Huyu ni Kocha, mama mwenye jimu ya wanawake, sauti yake peke yake inakutoa jasho. Alikuwa ameniagiza nguo za darasa lake zima, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuzindua chapa yangu palepale jimuni kwake. Akikubali nguo zangu, nimetoka. Akizikataa, narudi kushona mapazia.

"Ninuse nini, dada? Hiyo ni mpya. Nimeishona kwa mikono yangu."

"Nusa msamba."

Nikanusa.

Mungu wangu!

Jasho. Tena si jasho la leo, ni jasho lililolala likachacha. Juu yake kulikuwa na marashi mazito ya kulifunika, na mchanganyiko ule ukanipanda puani. Nikaigeuza taiti ndani nje. Kwenye mshono kulikuwa na unywele mfupi, umejikunja. Naomba nisieleze zaidi.

"Wifi yako kaniletea jana, lebo inaning'inia," Kocha akasema. "Umeniuzia mtumba wenye lebo?"

"Haki ya Mungu, sijui kimetokea nini."

"Basi ujue kabla ya Jumamosi. Wanawake wangu siwavishi jasho la mtu."

Akaondoka na koleo lake.

Ngoja niwaeleze nilivyofika hapo. Mimi nilikuwa fundi wa mapazia. Pazia halichuchumai. Pazia halina makalio. Nikachoka nalo. Nikawa naona wanawake wanatoka mazoezini, wanapita dukani, wanaenda kuchukua watoto shule, wote na nguo ileile ya mazoezi. Nikasema hapa kuna kazi. Nikanunua taiti moja nzuri, nikaifumua mshono kwa mshono, nikavilaza vipande mezani nijifunze.

Ya kwanza niliikata vibaya. Kitambaa cha taiti kina upande unaovutika zaidi, na huo ndio unatakiwa uzunguke nyonga. Mimi nikaulaza kwenda chini. Dada yangu akaivaa kwa taabu, akachuchumaa, paaa! Ikafunguka nyuma yote. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, halafu nikakata nyingine.

Nikajifunza. Lastiki ya kiuno isiyojikunja, uzi unaovutika, mfuko wa simu usiodondosha simu. Kila taiti iliyotoka kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga mishono, niliipeleka dirishani, naivuta kwenye mwanga nione kama inaonyesha. Chapa nikaiita Jinyooshe.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, akawa mtu wa picha na mauzo. Mdomo anao, simu nzuri anayo, na chumba cha ziada anacho. Nguo zikikamilika, mume wangu anazibeba kwenda kwa dada yake, zinasubiri wateja huko. Mimi nashona, wao wanauza. Nikajiona nimeolewa kwenye familia ya maana.

Kwa hiyo Kocha alipotoka tu, nikaenda kwa wifi mbio. Nikamkuta sebuleni anapaka rangi kucha. Nikamweleza yote. Hata macho hakuinua.

"Labda ni jasho lako mwenyewe, wifi. Kile chumba chako kina joto."

"Jasho langu limefikaje kwenye msamba?"

"Mi nitajuaje? Mimi si fundi."

Nikaingia chumba cha mzigo, nikafungua mfuko. Uvundo. Nikafungua mwingine, uvundo. Uliofuata ulikuwa na sidiria ya mazoezi, na kwapani kuna duara jeupe la chumvi. Chumvi, ndugu zangu! Kwenye nguo iliyokunjwa vizuri, yenye lebo yangu. Nilitapika kwenye ndoo yake ya kudekia na wala sikuomba radhi.

Wifi akaanza kulia. Eti namshuku, eti tangu niolewe sijawahi kumpenda. Nikabeba mifuko niliyoweza kubeba, nikarudi nyumbani.

Mume wangu alinikuta sakafuni katikati ya ile mifuko, nalia. Nikamweleza. Akapiga magoti, akanikumbatia.

"Pole mke wangu. Ni majaribu tu."

Hapo ndipo pua yangu ilipofanya kazi. Yale marashi! Ile harufu nzito iliyofunika jasho ilikuwa shingoni kwake. Ni spreyi yake, ile anayojipulizia kila asubuhi mpaka mbu wanahama.

Nikamsukuma. "Spreyi yako imefikaje kwenye nguo zangu?"

Akajifanya anafunga mfuko mmoja.

"Baba Mapacha, nakuuliza wewe."

Akakuna kichwa. "Dada huwa anazikodisha. Wale wenzake wa mazoezi. Wanavaa, wanapiga picha, wanarudisha. Mara mojamoja tu."

"Na wewe kazi yako nini?"

"Mimi napuliza kidogo kabla hatujazirudisha kwenye mifuko."

"Hamzifui?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Sasa tukizifua si zitapoteza upya?"

Jamani. Jamani! Nilikosa tusi. Mimi, ambaye matusi hayajawahi kunipiga chenga.

"Usikuze mambo," akaendelea. "Dada alinibembeleza, ningefanyaje? Na nimepuliza vizuri. Watu hawatajua."

Nikajiangalia miguuni.

Nilikuwa nimevaa Jinyooshe. Taiti nyeusi, aliyoniletea yeye mwenyewe kutoka kwa dada yake juzi, tabasamu hadi masikioni, eti mwenye chapa asitembee na gauni lililochakaa. Nilifurahi nikalala nayo. Tangu jana nilikuwa nawashwa mapajani, nikadhani ni sabuni.

"Na hii?" nikauliza.

Akaangalia ukutani.

"Na hii, Baba Mapacha?"

"Hiyo... hiyo nilipuliza mara mbili."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikivua palepale, nikamtupia usoni, nikakimbilia bafuni. Nilijisugua mpaka ngozi ikawaka. Nilisikia kinyaa, na wala si kwa sababu ya yule mwanamke nisiyemjua aliyetoka jasho humo. Yeye hakunikosea kitu. Ni huyu aliyenitazama nikiivaa, akaniambia imenikaa.

Jumamosi nilienda jimuni mikono mitupu. Nikasimama mbele ya darasa zima, nikawaambia nguo zimevaliwa na kupuliziwa spreyi, waliofanya hivyo ni wifi yangu na mume wangu, na leo hakuna cha kuzindua. Mmoja alicheka. Mwingine akasema kwa sauti, "Uchafu gani huu," akabeba begi lake akatoka. Sikumlaumu.

Kocha akanivuta pembeni.

"Ungezifua ukazipiga pasi, nisingejua."

"Hayo maneno nimeshaambiwa nyumbani, dada. Nikiwa nimezivaa."

Akanikazia macho, kisha akaguna. "Haya. Shona upya. Lakini siku ukizileta, nitanusa."

Na kweli ananusa. Mpaka leo, kila mfuko, mbele yangu, pua ndani ya msamba. Naona aibu kila mara, na namwacha anuse. Mzigo sasa unakaa kwangu na ufunguo ninao mimi. Wifi hatusalimiani. Mume yupo, analala chumba cha cherehani, na ile spreyi nimeitupa jalalani.

Nawaachia hili moja. Mtu wako wa karibu akikwambia "watu hawatajua", usicheke naye. Mwangalie vizuri usoni.

Kwake yeye, na wewe umo kwenye hao watu.