Njia za Ng'ombe za Kwenda Nkome

Siku ile naikumbuka kwa kizunguzungu chake, mwanangu. Hata leo ukiniuliza tulipita wapi kutoka Nungwe kwenda Nkome, sina jibu. Sikujua wakati ule, na sijajua mpaka sasa.

Jana nimekuona na wenzako mmeinamia simu, mnapanga safari ya gari kandokando ya ziwa, mkwepe lami na malori ya Geita. Wazo zuri. Nami nililipata nikiwa na umri wako, ila ramani niliichora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari.

Mama yangu alikuwa Mzinza wa Nkome, akaolewa na Msukuma wa Shinyanga. Mimi nikazaliwa Mwadui, kwenye nyumba za kampuni ya almasi, ambako barabara zimenyooka na mtoto hapotei. Mwaka ule macho ya mama yalikuwa yanafifia, na daktari alituambia wazi kwamba hayatarudi. Mama akaomba jambo moja tu, alione ziwa la kwao kabla hayajazimika. Nikaazima pikapu ya shemeji yangu. Nikajigamba kwamba nitampitisha ufukweni mwanzo hadi mwisho, barabara kuu tuwaachie wenye haraka.

Mpango ulikuwa mwepesi: ziwa likae mkono wa kulia, nasi twende tu. Kumbe! Tulipoipita Nungwe njia zikawa nyingi, zinakatana huku na huku. Nikachagua iliyo pana, iliyokanyagwa vizuri. Ikatufikisha majini, ikaishia hapo. Nikarudi nyuma, nikashika nyingine pana. Majini tena. Ziwa likawa mbele, mara kushoto, na jua nalo sijui lilihamia wapi.

Mama akasema taratibu, "Mwanangu, njia hizi..."

"Tulia mama, najua ninachofanya."

Mdomo huu, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilivunjika mahali pasipofungwa bandeji.

Mara ya tatu tulipofika majini akauliza kama tushuke. Nikamwambia, "Siyo hapa, mama. Bado." Nikageuza gari kwa hasira, jasho linanitoka.

Mwishowe tukakutana na mzee mmoja anachunga. Nikampa shikamoo kupitia dirishani, injini inanguruma. Aliitikia marahaba yake pole pole, akanitazama, akacheka.

"Binti, hizi ni njia za ng'ombe. Ng'ombe haendi Nkome, anakwenda kunywa."

Mtoto wa Kisukuma mimi, naambiwa hilo ukubwani! Akatuonyesha njia nyembamba ya watu, ile ile niliyokuwa naidharau tangu asubuhi.

Tulifika Nkome jua limeshazama. Nikamshika mama mkono hadi ukingoni. Akageuza uso huku na huku, hakuona kitu. Kwa macho yake magharibi ile ilikuwa usiku tayari. Nikalia mbele ya watu wa kwao bila aibu, nikamwomba msamaha.

Akanipapasa shavu. "Nililiona, mwanangu. Mara tatu. Wewe ulikuwa unageuza gari."

Hakuliona tena. Na mimi mpaka leo sijui kama alisema kweli, au alikuwa ananifuta machozi tu. Kuna siku naamini hivi, kuna siku naamini vile.

Basi nendeni, kupotea kidogo si dhambi. Lakini ukitaka kuuliza njia, zima injini, shuka, msalimie mtu mpaka salamu iishe. Anayeijua nchi akianza kusema, mwache amalize, hata kama ni mama yako. Na maji yakikutokea mahali ambapo hukuyapanga, mwanangu, usigeuze gari. Shuka uyatazame, tena umshushe uliyempakia. Kama nafasi ipo, nipakieni na mimi, nikiwa bado naona.

Mungu akutangulie kwenye njia pana na kwenye nyembamba, akurudishe nyumbani macho yako yameshiba.