Msalaba Wenye Jina la Mama Yangu

Wanaonijua hapa Songea wananijua kwa kazi. Ukiona nyumba mpya Bombambili au Mjimwema ambayo taa zake hazichezi-chezi kila jirani anapowasha pasi, uliza nani alifunga umeme. Utatajiwa mimi. Stashahada yangu niliipata Afrika Kusini, nikisoma jioni baada ya kubeba zege mchana kutwa, na nimeitundika karakanani mahali ambapo mteja hawezi kuingia asiione. Nimerudi na gari langu mwenyewe. Nimemjengea mama nyumba ya tofali za kuchoma, bati la rangi, sakafu ya vigae. Nayasema haya mwanzoni kabisa kwa sababu wapo watu, wa hapa na wa ng'ambo, wanaopenda kusema kwamba nimetengenezwa na mradi.

Mradi haujanitengeneza. Mradi ulimuua mama yangu, na mwaka huu ulitaka kumzika.

Ulifika kijijini kwetu, upande wa kuelekea Madaba, nikiwa mtoto wa darasa la pili. Ulikuwa mradi wa kanisa la Wazungu, watu wa sala ndefu na moyo laini, waliochagua watoto wa kuwasaidia kwa kutazama picha zao huko kwao. Baba alikuwa ameshafariki. Tulidhani hilo lingetosha, lakini halikutosha. Aliyefiwa na wazazi wote wawili ndiye aliyekuwa akichaguliwa upesi, na mwenye mzazi mmoja picha yake ilikaa tu. Basi katibu wa mradi, aliyekuwa pia mkalimani wao, akaja kukaa jikoni kwetu akamwambia mama, "Dada, wewe unapoteza nini? Tutasema ni mama yake mdogo. Kwani mama mdogo si mama?"

Hapo ndipo alipompata. Kwetu mama mdogo ni mama kweli. Anakulisha, anakuchapa, anakuoza, na ukimwona njiani unamwita mama bila kuongeza kitu. Mama yangu alidhani ameshushwa cheo kidogo tu, kama mtu aliyetoka kiti cha mbele akakaa cha nyuma. Hakujua Kiingereza. Hakujua kwamba kwa lugha ile ya wageni, katibu alipomaliza sentensi yake, mama wa mtoto huyu alikuwa amekufa na mtoto amebaki kwa ndugu.

Tulikuja kujua mwaka ambao mfadhili wangu alikuja mwenyewe kutuona. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu, na jambo la kwanza aliloomba baada ya chai ni kuonyeshwa kaburi. Hakuna aliyekuwa amefikiria kaburi. Katibu alikohoa, akatazama huku na huku, halafu akamwongoza moja kwa moja nyuma ya shamba, kwenye kaburi la bibi yangu mzaa baba. Yule mwanamke akapiga magoti kwenye udongo na sketi yake nzuri, akalia kwa kwikwi. Mama alikuwa amesimama hapo hapo ameshika bega langu. Nakumbuka vidole vyake vilivyozidi kukaza.

Wageni walipoondoka, mama alicheka. "Mama mkwe leo kapelekewa maua ya Ulaya," alisema. "Mwanawe aliponioa alinitukana wiki nzima kwamba sina bahati. Aione bahati yangu."

Kijiji kizima kilicheka. Tukazoea. Kila wageni walipokuja, mama aliishi upya kama mdogo wake mwenyewe.

Sasa niambiwe mradi ulinipa nini. Sare, daftari, sabuni za mche, na Krismasi moja kofia ya sufu ambayo, kwa baridi ya Juni ya kwetu, siwezi kuisema vibaya. Nilipomaliza la saba wakanipa mkono wa kwaheri na mahubiri. Aliyenipeleka sekondari ni yule marehemu. Marehemu alifyatua tofali, akalima vibarua kwenye tumbaku za watu, akapika pombe ya komoni ambayo mradi ulikuwa ukiihubiri kuwa ni dhambi, na wanakamati wa mradi huo huo wakaja kuinywa jioni. Mikono ya marehemu ilipasuka mpaka akashindwa kushika sindano.

Ndiyo maana mwaka huu katibu aliponipigia simu kunieleza kwamba mfadhili wangu anakuja tena, mzee sasa, na anataka kuniona, sikuruka kwa furaha. Hata hivyo nilikwenda. Mtu mzima hakatai kusalimia. Nilimkuta katibu nje ya ofisi ya mradi, nywele zimekuwa nyeupe, ulimi ule ule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia! Tazama mtoto wetu. Si nilisema huyu atafika mbali?"

"Ulisema nitakuwa mchunga mbuzi."

"Mbuzi nao wana mbali yao," akajibu, akacheka. "Gari lako lina nguvu? Kuna jiwe limekuja na basi kutoka Dar, halishikiki. Nikopeshe mgongo wa gari mpaka kwenu. Shughuli tutafanyia huko."

Nilijua wanajenga bweni la wasichana kule kijijini, kuta zimesimama, paa wanalisubiri kutoka kwa wageni hao hao. Nikafikiri ni jiwe la msingi. Sikuuliza kwa nini jiwe la msingi la bweni lishushwe nyumbani kwa mama, kwa sababu nilikuwa nimeshika simu naongea na mteja. Wanaume wanne walilipakia limefungwa blanketi, nikaondoka nalo.

Nilipofika kwa mama nikafungua blanketi nione kazi ya mafundi wa Dar. Mimi ni fundi, siwezi kupita kazi ya fundi mwenzangu bila kuitazama. Ulikuwa msalaba wa marumaru nyeusi, umeng'arishwa hadi unauona uso wako. Juu yake kulikuwa na jina la mama yangu, la ubatizo na la ukoo. Chini yake mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka aliokufa. Halafu maneno ya Kiingereza kwamba amepumzika.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Shule aliishia mapema, lakini jina lake analisoma. Alilisoma kwa kidole, herufi moja moja.

"Wameandika vizuri," alisema.

"Mama, huu ni uchuro! Nani aliwapa jina? Nani aliwatajia mwaka?"

"Katibu alikuja kuniuliza kabla ya Pasaka. Alisema mfadhili wako, bibi yule, ameona vibaya miaka yote kaburi halina alama, anataka kulijengea. Ningemwambia nini? Akaniambia nichague mwaka wa kufa, nikamwambia mimi sichagui."

"Huo msalaba hauingii kwenye ardhi yetu. Naurudisha sasa hivi."

"Uache hapo, baba." Mama huniita baba anapotaka nimtii. "Bweni halina paa. Wasichana wanatembea kutoka mto ule mpaka huku, na wewe unajua yaliyowapata wawili mwaka jana njiani. Bibi akijua alidanganywa, anafunga mkono. Jina ni jina tu. Mwenyewe si nipo nakupikia?"

"Uko hai, mama! Mimi nimekujengea nyumba ya vigae, na wao wanakujengea kaburi, na wewe unataka nishike kamba za jeneza?"

"Nataka unyamaze siku moja. Umeongea tangu ulipotoka Afrika Kusini."

Alirudi jikoni. Ila chakula alichopika siku ile hakukigusa, wala cha kesho yake. Nilimwona akipita mbali na gari langu, akizunguka nyuma ya nyumba, kama mtu anayemkwepa mdai.

Wageni walikuja Jumamosi asubuhi na basi dogo, wakiwa na mchungaji wao. Akina mama walikuwa wameshachinja kuku. Mfadhili wangu alishuka kwa kusaidiwa, nywele zake sasa nyeupe kabisa, akanikumbatia akalia begani kwangu. Sikumchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu anayekulilia kwa moyo wake wote huwezi kumchukia, unachoweza ni kukasirika kwamba machozi mazuri kiasi kile yamemwagwa mahali pasipo na mtu wake.

Tukaenda nyuma ya shamba. Msalaba ulikuwa umelazwa kando ya kaburi la bibi, umefunikwa kitambaa cheupe, saruji imeshachanganywa. Mama alisimama mahali pake pa siku zote, upande wa ndugu wa marehemu. Katibu alinikazia macho. Kitambaa kikaondolewa. Mchungaji akaomba, katibu akatafsiri sentensi baada ya sentensi: kwamba Mungu amkumbuke mama huyu aliyelala hapa, aipokee roho yake, ampe pumziko la milele.

Watu wakaitika, "Amina."

Na mama yangu akaitika. Niliisikia sauti yake peke yake katikati ya sauti zote, nyembamba, ya utii, ikimwombea pumziko yeye mwenyewe.

Hapo uvumilivu uliniisha. Sikusubiri mkalimani, sina haja ya mkalimani, Kiingereza nilikisoma na nikakifanyia kazi. Nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia: mwanamke aliyeandikwa kwenye jiwe hili hajafa. Yule pale. Ndiye aliyenizaa. Aliyelala hapa ni bibi yangu.

Katibu aliruka. "Anachanganyikiwa kwa uchungu," aliwaambia wageni. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, meno yamebana, "Mbwa wewe, nyamaza!"

Mfadhili wangu hakumsikiliza. Alimwendea mama polepole, akamtazama usoni, kisha akanitazama mimi, kisha tena mama, na nadhani aliona mwenyewe, maana mimi na mama tuna paji moja la uso. Akaniambia nimuulize mama swali lake. Nikamuuliza: "Anasema, kwa nini ulimwacha akulilie miaka yote hii?"

Mama alimtazama katibu, akatazama kuta za bweni ng'ambo ya barabara. Nikafikiri atakana. Nilikuwa tayari kumfufua kwa nguvu mbele ya watu.

"Mwambie," mama alisema, "mngeambiwa niko hai, mngekuja?"

Nilitafsiri neno kwa neno, sikulainisha. Mchungaji akatazama chini. Yule mfadhili akageuka akatembea kuelekea kwenye basi. Wenzake wakamfuata. Hawakula. Katibu alikimbia pembeni ya dirisha akiongea na kuongea mpaka basi likakata kona.

Alirudi amejaa vumbi. "Haya, Injinia. Umeridhika? Bweni lile utaliezeka wewe?"

"Likiezekwa nitafunga umeme bure, nyaya zangu, kazi yangu."

"Umeme ukamulike nyota?"

Watu walicheka, na mimi ndiye niliyechekwa. Akina mama walipakua wale kuku kimya kimya, kila mmoja akachukua sahani yake akala mbali nami.

Mpaka leo bweni halina paa. Ukipita barabara hiyo utaliona, nyasi zimeota ndani. Wanasema ni mimi. Sawa, ni mimi. Lakini nitauliza hata wakichoka kusikia: ni injili gani hii isiyoweza kuezeka chumba cha wasichana mpaka kwanza ionyeshwe maiti ya mwanamke? Mama alikuwa pale miaka yote, hana mume, mikono imepasuka, anafyatua tofali. Ufukara gani mwingine walikuwa wanautaka? Na kamati yetu, iliyojifunza haraka kile kinacholiza watu wa mbali ikawauzia, nayo nitaiheshimu kwa lipi?

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, nilitaka kuupeleka msalaba kwenye ofisi ya mradi niutupe mlangoni. Nilikuwa nimerudisha gari kinyumenyume mpaka kaburini na nimeshaupandisha ukingo mmoja mgongoni mwake, peke yangu, kwa sababu hakuna aliyejitolea kunisaidia na mimi sikumwomba mtu. Mama akaja akasimama kando.

"Unaupeleka wapi?"

"Ulikotoka."

"Marumaru kama hii?" Alipitisha kiganja juu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiigusa tangu siku ile aliyoisoma kwa kidole. "Gari lako lina ile mashine ya kukatia vyuma?"

"Grinda ipo. Nitalifuta jina lako lote, mama, lisibaki hata nukta."

"Jina liache," alisema. "Jina ni langu, nitalihitaji. Futa huo mwaka wa kufa. Walisema nichague, sikuchagua, basi hawana haki ya kunichagulia."

Nilimwambia nitamnunulia mwingine mkubwa zaidi, wa pesa yangu, siku itakapofika. Alinitazama kwa namna ile ambayo humfanya mtu mwenye stashahada ajisikie yuko darasa la pili.

"Futa mwaka, baba. Halafu uje ule, kuku wamebaki."

Nikavuta waya kutoka nyumbani, nikavaa miwani, nikawasha. Mama alijifunika uso kwa kanga kujikinga na vumbi jeusi, na hakuondoka pale mpaka tarakimu ya mwisho ilipokwisha.