Kamyo ya Kwenda ku Muchanga

Muntu aliyemuuza mulume wangu iko muzima. Anaikala ku Katuba, mu nyumba tulijenga siye, na ku misa anakaa mbele. Naandika hivi juu batoto bangu basiseme ni vita ilibeba baba yao. Vita haina mikono. Mi sikusoma sana, masista balinifundisha kidogo tu, lakini ile nilionaka na macho, hakuna mwalimu atanikosoa.

Ilikuwa wakati Katanga ilijikata na Kongo. Siye bantu ya Kasai, hata wale balizaliwa hapa, tulianza kuitwa bageni. Vijana ya chama iliyotawala balipita mu avenue na minyororo ya kinga, ya baiskeli, mu mikono: "Munarudi lini kwenu?"

Mulume wangu alikuwa mekanisyen ku garage ya muzungu moja. Yule muzungu naye alishikwa na woga. Akamwambia: nitarudi Ulaya na kamyo, lori yangu kubwa, kupitia Rodezia, Tanganyika, Uganda, Sudan, kisha jangwa. Mule mu jangwa kuna oazisi, ni kusema mahali mayi inatoka chini na miti inaota, na muchanga inaizunguka kama milima. Ndugu yake iko na garage pale, anapandisha bageni juu ya ile milima bakaangalie. "Unisaidie kufika, utapata kazi. Bibi yako atatupikia mu njia."

Mulume wangu alileta picha ku nyumba. "Ona, mamu. Ngazi!"

Nikaangalia ile miti. Kweli, kichwa yake ilikuwa sawa na ngazi ya Kasai, ile michikichi ya mafuta. Basi tukapanga: yeye atatengeneza makamyo, mi nitapika mafuta ya ngazi na kuuza. Nani angetwambia kama ile ni miti ya tende? Nilinunua sufuria kubwa ya kuchemshia mafuta. Nikakausha binkubala, ile dudu ya miti tunakulaka, nikatafuta samaki ya chumvi ya Kilwa yetu ya ku ziwa, juu ile haiozi mu njia. Mutoto wetu wa kwanza alianza kutembea, wa pili alikuwa mu tumbo. Nilitaka kitu moja tu: tutoke hapa siye bote, bazima.

Jirani yetu alikuwa muntu wa hapa hapa, wa familia ya zamani. Alikuwa parrain wa mutoto wetu, njo yeye alimushika siku ya ubatizo. Kila siku ya Mungu alikula bukari kwetu, ni kusema ugali.

"Shemeki," akamwambia mulume wangu, "munapeleka jasho yenu yote ku muchanga? Hata kuku haichakuri kule."

"Tunakukimbia weye. Bukari yetu unaimaliza."

Tulicheka. Kisha akauliza, akiangalia mabati: "Na nyumba, munamuachia nani?"

"Dada yangu."

Hakucheka tena. Mi nilimuona. Mulume wangu alikuwa ananawa mikono.

Sasa, kuendesha kamyo mu muchanga inafundishwa. Mupira ikijaa mupepo, inazama. Lazima utoe mupepo kidogo, mupira ilale sawa muguu bila kiatu. Pa kujifunzia ilikuwa pale mine inatupa muchanga mweupe, kiisha kuosha mawe. Imekuwa mulima. Mu kiangazi mupepo inaitupa mu sahani zetu. Mulume wangu alijaza mapipa na mayi, kamyo iwe nzito sawa ya safari, na juu akafunga bashi, ile turubai ya kufunika.

Nilimwambia: "Toa ile bashi. Siku hizi kamyo imefunikwa, mu-Kasai ku usukani, bantu bataona bunduki."

"Mamu, kule mayi njo roho. Muchanga ikiingia mu mapipa tumekufa. Wacha nijifunze kuifunga."

Ile mangaribi nilimupelekea bukari mu beseni, mi na muzungu tukasimama juu ya mulima, tunamungojea. Kamyo ilikuwa inapanda, inateleza, inapanda tena. Ikafika juu. Akatoa kichwa: "Mamu! Tumefika ku oazisi!"

Kutazama chini, vijana ya chama. Mbele yao, parrain wa mutoto wangu, kidole mbele. "Njo ile. Anabebea ba-Kasai bunduki."

Balipanda, bakapasua bashi. Mayi. Moja alikunywa, benzake bakamucheka, na mi nikafikiri imeisha. Lakini muntu amepanda mulima bure mbele ya benzake hashuki mikono mitupu. Mukubwa wao akamuuliza yule muzungu, aliyesimama pale na kiko yake ya tumbako: "Huyu ni muntu yako?"

Sentensi moja tu ingemuponyesha. Muzungu aliangalia kamyo, kisha mulume wangu, kisha kamyo.

"Kamyo ni yangu. Huyu, sijui alikuwa anafanya nini nayo."

Balimurudishia kamyo. Mulume wangu balimushusha kwa miguu, na sikumuona tena. Muzungu alienda jangwa yake na sufuria yangu na samaki yangu, ile tulikuwa tumepakia tayari. Mi nilizaa chini ya hema, mu kambi ya bantu ya Kasai. Kurudi Katuba, parrain iko mu nyumba. "Niliwachungia," asema.

Kiangazi iliyopita alinifuata mahali napanga, pamoja na mulamu wangu, ndugu ya mulume. Bila matanga, familia ya mulume hainifungui. Mpaka leo mi ni bibi ya muntu hayuko. Parrain aliketi, akaanza: "Mama wa mutoto wangu, fanya matanga, umalize. Mulume wako apumuzike."

Nikamujibu: "Ndiyo, parrain. Chakula nitapika mi. Weye unajua njia, ulitangulia siku ile. Tangulia tena, unionyeshe kwenye balimulaza, tuanzie pale."

Mupepo ilikuwa inaleta ule muchanga mweupe. Alipangusa suruali, akapangusa tena. Mulamu wangu alianza kunikaripia, kama ninaharibu mambo ya familia. Parrain alisimama, akaacha mayi niliyomupa, akaenda.

Mulamu alisema matanga haitafanyika basi. Nikamwambia itafanyika. Anayejua pa kuanzia ametoka sasa hivi, ukikimbia utamukuta ku kona.

Mulamu hakukimbia.